Kengele Iliyozibwa Majani

Mbwa wote wa kimbilio walikuwa wamesimama. Hakuna aliyelala, hakuna aliyegusa chakula, na Inspekta Marcelline Lwamba wa upelelezi, mtu asiyependa mbwa wala kuwachukia, aliona miguu yake nayo imekataa kutulia. Alilizunguka hangari lote kabla ya kumsalimia mtu. Lilikuwa hangari la zamani la pamba, lililogeuzwa makao ya mbwa waliookotwa mitaani Kasongo, na asubuhi ile lilinuka klorini mpaka machozi yakamtoka.

"Munaosha hivi kila siku?" aliuliza.

"Kila siku, mbele ya mukutano wa asubui," alijibu Dokta Pélagie, mkurugenzi. "Mbele sijafika, Mama Inspekta, hapa palikuwa jalala."

Dokta Pélagie alikuwa daktari wa mifugo kutoka Kindu, mwanamke mrefu wa kutembea haraka, na tangu aletwe hakuna kilichobaki mahali pake. Aliwatenga mbwa wagonjwa na wazima. Aliwapanga wafanyakazi kwa zamu, kila mmoja na vyumba vyake. Walevi wawili wa getini walitolewa, akaingia msichana mmoja anayefanya kazi ya wote wawili. Juzi alikuwa Nyangwe kutafuta watu wengine wa kuajiri, na alirudi jana jioni tu. Mwanzoni mji ulicheka, maana nyumba ya mbwa yenye wafanyakazi ni kichekesho mahali ambapo watu wenye nguvu zao wanashinda bila kazi. Kisha kichaa cha mbwa kikapita Kasongo, yakafuata mazishi, na kicheko kikakoma.

"Mwezi muzima hatukupoteza hata mbwa moja," Pélagie aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetetea kitu ambacho hakijashtakiwa bado. "Kila asubui ninauliza: kuna kifo? Wanajibu: hakuna. Mwezi uliopita Jeanine alijibu 'kuna' mara moja, mutoto wa mbwa alikuwa amekufa kwenye zamu yake. Nilimutuma nyumbani, asirudi. Tangu siku ile watu wanafanya kazi."

"Na leo asubui uliuliza?"

"Niliuliza. Walijibu hakuna."

Kesi ya mbwa aliyepotea ingemchekesha Marcelline, kama si mkono wa Elsa.

Elsa alikuwa binti mdogo wa Emile, muuza mafuta ya mawese karibu na soko. Wiki iliyopita mbwa wa kuwindia, mwekundu, mwenye mkia uliojikunja, alimng'ata mkononi mbele ya duka la baba yake. Kidonda kilioshwa kwa sabuni na maji mengi. Chanjo haikuwepo mjini. Ilikuwa Kindu, na njia ya Kindu wakati wa mvua ni adhabu hata kwa mtu mzima. Kwa hiyo daktari wa mtoto, Pélagie na Emile wakakubaliana: mbwa afungiwe kwenye kimbilio, aangaliwe siku kumi. Akibaki mzima, mtoto hana neno. Akiugua au akifa, Elsa apelekwe Kindu siku hiyohiyo, kabla ugonjwa haujaamka mwilini mwake. Ukishaamka hakuna dawa. Emile aliweka pikipiki tayari mlangoni, mizigo imefungwa, akawa anangoja habari ya kila siku kutoka kimbilio.

Na sasa mbwa hayupo.

"Emile amejua?"

"Muji wote umejua." Pélagie alitazama pembeni. "Amefungua mizigo kwenye pikipiki. Anasema nani ataiba mbwa mugonjwa? Mwizi anaiba kitu kizima."

Ndivyo mji mzima ulivyosema tangu alfajiri, na maneno hayo yalikuwa na akili ndani yake, ndiyo maana yalimkera Marcelline. Hakupenda mtoto aokolewe na uvumi.

Aliomba kuonyeshwa chumba. Kilikuwa cha mwisho, mbali na vingine, na mlinzi wake alisimama mlangoni ameshika ufagio. Huyu aliitwa Placide, mtu wa makamo, wa zamani kuliko wafanyakazi wote, na ndiye aliyepiga kelele za wizi.

"Ulikuta nini, Placide?"

"Nilikuta mulango iko wazi, mbwa haiko. Nikazunguka nyuma, nikaona ua imefunguliwa. Nikaita watu."

"Jana mangaribi uliiacha namna gani?"

"Muzima."

"Ilikula?"

"Ilikula kidogo."

Marcelline aliinama akatazama sakafu. Imesuguliwa. Ukuta nao umesuguliwa mpaka kimo cha goti.

"Chumba wameiba ndani, na wewe unakiosha?"

"Ni sheria ya Dokta," Placide alisema polepole. "Kila chumba, kila asubui. Mi nafuata sheria."

Pélagie akatikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jibu la kweli, na halikumsaidia mtu. Kama mwizi aliacha hata unyayo mmoja, utaratibu mzuri wa Dokta ulikuwa umeumwaga mtaroni pamoja na maji machafu.

Walikwenda nyuma. Ua ulikuwa wa mianzi iliyofungwa kwa kamba za porini, na mahali pamoja mianzi minne ilikuwa imelegezwa ikaachwa inaning'inia. Marcelline alipitisha vidole kwenye kamba. Hazikukatwa. Zilifunguliwa fundo kwa fundo, na mafundo yote ya ua ule yalikuwa upande wa ndani.

"Mutu wa inje hawezi kufika hapa," alisema.

"Basi ni wa ndani," alisema Pélagie, na uso wake ukageukia getini.

Marcelline alijipenyeza katikati ya mianzi akatokea nje, kwenye kijia cha watu waendao shambani. Hakutafuta sana. Kando ya kijia, juu ya nyasi ambapo kila mpitaji angeiona, palikuwa na kengele ya mti, ile inayochongwa kwa mbwa wa kuwindia. Mbwa hao wa huku hawabweki. Pasipo kengele mwindaji hajui wamefukuza nyama upande gani. Ukanda wake wa ngozi ulikuwa mzima, umefunguliwa vizuri kwa mkono. Mdomo wa kengele ulikuwa umezibwa majani, yameshindiliwa sana, na bado yalikuwa mabichi.

Yeye mwenyewe alikuwa binti wa mwindaji wa Wamaza, upande wa Kabambare. Mwindaji akienda porini huziba kengele ya mbwa kwa majani ili isilie njiani, akifika penye nyama huyatoa. Nani mwingine angefikiria kuziba kengele wakati wa kumtoa mbwa kifungoni?

"Mwenye mbwa ni nani?" aliuliza aliporudi ndani.

"Heri. Mwindaji, anakaa barabara ya Kabambare," alisema Pélagie. "Jana alikuja kufanya fujo kwenye mulango. Sasa umeelewa? Heri inje, na yule musichana ndani."

Yule msichana alikuwa Falonne wa getini. Wazazi wake walitoka Bukavu wakafuata dhahabu Salamabila, yeye akaja Kasongo kutafuta kazi isiyo ya shimo. Wafanyakazi wote walikwisha kumwonyesha kidole. Mgeni hahitaji kukutwa na kitu ili awe mwizi. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, na goti moja likicheza bila kukoma.

"Heri alikuja jana?"

"Alikuja, mama. Alisema nimupe mbwa yake. Nikakataa."

"Alikupa nini?"

"Alinipa matusi."

Marcelline alijizuia asicheke. Akamkabidhi kengele. "Hii unaijua?"

Falonne aliigeuza, akaitikisa sikioni, haikulia. Akachungulia mdomoni mwake, akaingiza kidole na kuanza kuchokoa majani. "Imeingia takataka," alisema.

Marcelline akainyakua kabla jani la pili halijatoka.

"Mukamate huyu, Mama Inspekta," Pélagie alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanataka kuona mutu anafungwa ndani ya kasho. Wasipoona, kesho watakuja kufunga kimbilio kwa mikono yao."

"Kasho si ya kuonyesha watu," alisema Marcelline. "Abaki hapa. Mutu asitoke." Akawasha pikipiki.

Barabara ya Kabambare ilikuwa matope matupu, na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mtoni. Kila alipopita dimbwi alimfikiria mtoto mdogo amebanwa katikati ya baba yake na mizigo, mchana kutwa, mpaka Kindu. Halafu alifikiria mtoto huyohuyo akiachwa nyumbani. Akaongeza mwendo.

Heri alikuwa uani kwake anashona wavu wa kuwindia. Hakungoja salamu.

"Mumeleta mbwa yangu?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza. Leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kwenye misa. Uliza padri, niliimba mpaka sauti ikakauka. Mbwa yangu iko wapi? Ile si mbwa ya kukaa ndani ya nyumba ya klorini. Ile ndiyo inalisha hii nyumba yangu. Kama imeuma mutoto, ni kosa, nimekubali, nilipeleka kuku kwa Papa Emile kuomba musamaha. Lakini mbwa ni yangu, na mi naitaka."

"Ukaenda kuichukua."

"Kama ningeichukua, ningekuuliza? Nataka mbwa yangu, mama. Sitaki maneno."

Alikuwa bado anasema hivyo Marcelline alipoitoa kengele kwenye mfuko akamwekea mkononi.

Heri aliitazama. Aliigeuza taratibu, akaona mdomo wake ulivyozibwa. Hakugusa majani. Alivua kofia akaiweka gotini.

Marcelline alingoja adai tena mbwa wake. Hakudai. Mtu aliyekuwa anadai mbwa kabla ya salamu sasa alikuwa anaifuta kengele vumbi kwa kidole gumba, na hakuwa na swali lolote. Hapo ndipo Marcelline alipoona upumbavu wake wa asubuhi, akajikasirikia sana. Kengele huzibwa njiani ikiwa shingoni mwa mbwa. Hii ilikuwa imevuliwa. Anayemvua mbwa kengele ana haja gani ya kuiziba? Haitalia tena. Na ukanda haukukatika kwa bahati mbaya, mtu aliufungua kwa utulivu. Imevuliwa, na imezibwa: mambo hayo mawili hukutana mara moja tu katika maisha ya mbwa wa kuwindia, na yeye aliyaona nyumbani kwao akiwa mtoto, mikononi mwa baba yake.

"Imekufa," alisema.

"Imekufa," Heri alikubali. "Na aliyefanya hivi ni mutu wa kwetu. Kengele ya mbwa iliyokufa haizikwi, haitupwi. Unaifunga mudomo, unairudisha kwa mwenye mbwa, ikae kimya mpaka apate mbwa ingine. Alitaka inifikie." Akainua macho. "Nani?"

Marcelline alikuwa ameshasimama. Siyo Falonne, kwa Falonne yale majani yalikuwa takataka. Siyo Pélagie, mtu wa Kindu aliyesomea ng'ombe. Aliiacha kengele kwa Heri.

Kimbilioni, wafanyakazi walikuwa wamekusanyika chini ya paa la hangari, kila mtu na hasira yake, na mbwa wanalia kila upande. Marcelline alipita katikati yao moja kwa moja mpaka kwa Placide.

"Kwenu ni wapi, Placide?"

"Kabambare, mama."

"Kengele nimeirudisha kwa Heri. Haikufunguliwa."

"Aksanti, mama," alisema Placide.

Lilimtoka kabla hajalifikiri. Alibaki na mdomo wazi, anatafuta namna ya kulirudisha, na watu wote waliomsikia wakamgeukia. Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye neno la shukrani.

"Iko wapi?" aliuliza Marcelline.

Placide aliweka ufagio ukutani. Aliwaongoza nyuma ya jiko, akahamisha kuni moja moja, akachukua jembe. Udongo ulikuwa laini. Alichimba mpaka likaonekana gunia, na ndani ya gunia manyoya mekundu. Pélagie alipiga magoti, akavaa glavu, akatazama kinywa cha mbwa. Taya lilikuwa limeanguka, udenda umekaukia kwenye midevu yake.

"Ilianza lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Ulipokuwa Nyangwe. Taya ikaanza kuanguka. Ilikufa leo mbele ya jua kutoka."

"Na nilipokuuliza asubui?"

"Nilijibu na wenzangu, Dokta. Hakuna." Placide alichomeka jembe kwenye udongo. "Jeanine alisema kweli, na hayuko hapa tena. Mi niko na watoto sita. Nikajiambia, ikiwa wizi, si kifo."

"Mutoto je?" aliuliza Marcelline. "Elsa ulimujua. Kila asubui ulipeleka habari kwa baba yake."

"Nilijiambia nitasema kesho."

"Kesho," Marcelline alirudia, na alitamani kumpiga kofi. Akamshika mkono badala yake, akaugeuza kiganja juu. Kulikuwa na michubuko mibichi kwenye vidole. "Uliishika bila glavu."

"Ilikuwa inateseka," alisema Placide.

Pélagie alisimama, magoti yake yamejaa udongo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilitaka wasife," alisema. "Ni hilo tu. Nilitaka hapa pawe mahali ambapo hawafi."

"Hukutaka kuambiwa kama wamekufa," alisema Marcelline. "Ni kitu ingine. Piga simu Kindu, waweke chanjo ya watu wawili. Mutandao ikikataa, panda kilima. Falonne arudi kwenye kazi yake, na umuombe musamaha mbele ya watu." Akamwonyesha Placide pikipiki. Hakumfunga pingu. Alihitaji mdomo wake.

Matone ya kwanza ya mvua yaliwakuta sokoni. Emile alikuwa dukani anamimina mafuta kwenye chupa, na alikuwa anaimba. Kwa siku nyingi hakuna jirani aliyemsikia akiimba. Pikipiki yake ilikuwa pembeni, mizigo imeshushwa, kuku wa Heri amefungwa mguu kwenye gurudumu.

"Karibu, Mama Inspekta. Mwizi ameonekana?"

"Hakuna mwizi, Papa Emile." Marcelline alimsogeza Placide mbele. "Sema."

Placide alisimama na mikono imeshuka. "Mbwa haikuibiwa, papa. Ilikufa. Mi niliizika, nikafungua ua, nikasema wizi. Nilidanganya."

Emile aliiweka chupa chini kwa uangalifu, ingawa ilikuwa haijajaa. Marcelline alijongea karibu na Placide, tayari kuzuia ngumi. Ngumi haikuja.

"Ilikunywa maji?" aliuliza Emile.

"Ilikataa maji. Tangu juzi."

Kasongo hakuna mtu mzima asiyejua maana ya hayo. Walikwisha kuona watu wakiletewa kikombe na kukikimbia, kiu imewashika na koo limefunga, na kuanzia hapo jamaa walianza kutafuta mbao za jeneza. Emile aligeuka taratibu kuelekea nyumbani kwake, nyuma ya duka. Marcelline aligeuka. Placide naye akageuka.

Elsa alikuwa amekaa mlangoni, mkono wenye bandeji mapajani, na mkono mwingine umeshika kikombe cha maji. Alikuwa ndio kwanza anakiinua. Kikombe kilifika midomoni, kikasimama hapo kidogo kwa sababu aliona watu wanamtazama. Kisha akanywa. Akameza. Akanywa tena mpaka chini, akafuta mdomo kwa bandeji.

"Munaniangalia ju ya nini?" aliuliza.

Baba yake alikuwa ameshika usukani wa pikipiki kwa mikono miwili, na mvua sasa ilikuwa inanyesha kweli.

"Vaa sweta yako," alisema. "Tunaenda Kindu."